Cheti Changu na Macho ya Wifi

Nianze kwa kukiri, ili mtu asinipe wema nisio nao. Wifi yangu nilimwonea wivu tangu wiki ya kwanza alipoingia nyumbani kwetu Isevya, kabla hajanikosea lolote, na mpaka leo hajanikosea. Ni mke wa mdogo wangu, yule anayenunua na kuuza mpunga Bukene na kurudi nyumbani mwisho wa juma. Alikuja kwetu kutoka kijiji kimoja cha Sikonge na mabegi mawili, dumu la asali, na vidole vyenye weusi wa tumbaku ambao sabuni ilikuwa haijaushinda. Shule aliiachia kidato cha pili.

Mimi nina shahada ya teknolojia ya habari. Niliichukua Dar es Salaam, nikapiga picha na joho, na mama akakitia cheti kwenye fremu na kukitundika sebuleni. Wakati wifi anaingia, cheti kilikuwa kimekaa ukutani miaka mitatu na mimi nimekaa chini yake miaka hiyohiyo. Maombi ya kazi nilituma mpaka nikachoka kuyahesabu. Waliojibu walitaka uzoefu, na uzoefu niliokuwa nao ni wa kuwachapia watu barua kwenye duka la steshenari karibu na stendi. Mtaani majirani walikuwa wameacha kuniita msomi, wakawa wananiita dada wa pale.

Basi akaja huyu. Wiki ya pili tu, asubuhi nasikia jikoni yeye na mama wanacheka kwa Kinyamwezi. Mimi Kinyamwezi nakisikia, lakini kukisema najikwaa, maana nililelewa mjini na mama mwenyewe alitaka tuongee Kiswahili. Nikiingia jikoni wanageuza lugha kwa heshima yangu, na kicheko kinaishia hapo. Sijui kama kuna kitu kinachouma kama kuheshimiwa na watu waliokuwa wakicheka.

Tangazo lilinikuta kwenye kundi la simu la kwaya. Kampuni moja kutoka Dar ilikuwa inakuja Tabora kufundisha watu kazi za kidijitali, na mwisho wa mafunzo ingeajiri. Maneno yalikuwa mafupi: hatuulizi cheti, njoo na unachokiweza. Chini yake wakaandika kwamba wanawakaribisha hasa wanawake, watu wenye ulemavu, na wale ambao hawajawahi kukanyaga ofisi. Nilisoma mara mbili, damu ikanichemka. Mtu unakesha na vitabu miaka mitatu, halafu anatokea mwingine anasema hilo haliulizi, kwa raha tu, kama anayekataa chai. Lakini kazi nilikuwa naitaka kuliko nilivyokuwa na hasira. Niliitaka ili niondoke asubuhi nimevaa vizuri, mama aulizwe niko wapi, ajibu kwamba niko kazini. Hilo tu. Nilijaza fomu.

Mama akasema, "Mpeleke na mwenzio, mwanangu. Yuko nyumbani tu."

Ningeweza kukataa. Sikukataa, na sababu si nzuri. Nilifikiri nikikaa darasani na mtu wa kidato cha pili pembeni yangu, nitang'aa zaidi.

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitenge la mzee mmoja wa Kihindi, kwenye barabara ambayo watu wanasema misafara ya zamani ilipita ikielekea Ujiji. Mwalimu wetu alikuwa binti wa Dar, mdogo kwangu kwa miaka, mwenye maneno mengi na viatu vyeupe ambavyo vumbi la Tabora lilivibadilisha rangi kabla ya saa nne. Siku ya kwanza akatuambia, "Hapa ndiyo penyewe, jamani. Enzi zile wapagazi walikuwa wanachukuliwa hapahapa. Walichoangaliwa ni mabega, na kama wanaijua njia. Nani aliulizwa cheti?" Watu wakacheka. Mimi nikasema moyoni kwamba hakuna aliyewauliza pia kama mabega yanauma.

Siku ya pili tukakuta darasa limehamishiwa stoo ya chini, nyuma ya duka, kwa sababu kati yetu alikuwemo fundi simu anayetembea kwa magongo na ngazi zilimtesa. Mzee wa duka alihamisha majora yake ya vitambaa mwenyewe. Hata hilo nililionea kijicho. Mimi katika miaka yangu yote hakuna aliyewahi kunihamishia hata kiti.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wakulima wa mikoa mbalimbali wanapiga picha za majani ya mazao yao kwa simu. Sisi tunaziangalia picha kwenye kompyuta, tunachora mstari kuzunguka sehemu yenye tatizo, kisha tunabonyeza kitufe kusema jani ni zima au ni gonjwa, na kama ni gonjwa, ugonjwa gani. Picha nyingi zikishawekewa alama hivyo, kompyuta inajifunza, na siku moja mkulima ataelekeza simu kwenye muhogo wake na kuambiwa una nini. Kulikuwa na kitufe kimoja zaidi, pembeni, kimeandikwa Sina uhakika. Mwalimu alisema tukitumie tukikihitaji, akaendelea na mengine.

Wiki ya kwanza nilikuwa malkia. Wenzangu walikuwa hawajui kushika kipanya; wifi alikishika kama anashika kifaranga. Nilizunguka nikiwaelekeza, mwalimu akinishukuru mbele ya watu, nami nikawa naingia nyumbani nikiongea kwa sauti ya juu kidogo. Wifi alikuwa akiniuliza kila kitu: wifi, hii inafungwaje, wifi, mshale umekwenda wapi. Nilimjibu vizuri. Kumjibu mtu aliye chini yako si kazi.

Wiki ya pili mambo yakageuka. Vidole vyake vilikuwa vimeshazoea, na sasa ikabaki kazi ya macho. Mwalimu alituonyesha jani la muhogo ukutani, akauliza lina nini. Mimi nikasema ni ugonjwa wa batobato, kwa sababu lilikuwa na manjano. Wifi, kutoka nyuma, akasema kwa sauti ndogo kwamba manjano ya batobato hukunja jani, na hili halijakunjwa. Hili lina njaa ya mbolea, na tena ni jani la chini, majani ya chini huanza yenyewe kupauka. Mwalimu akamtazama. "Umejuaje kama ni la chini?"

"Unene wake," wifi akasema. "Na mshipa."

Hapo ndipo ilipokuja hadithi yote ya tumbaku. Kwao Sikonge, tangu anaota meno ya ukubwani, kazi yake ilikuwa kupanga madaraja. Tumbaku ikitoka kwenye bani la kukaushia, majani yanalainishwa kwa unyevu wa asubuhi, wanawake wanakaa mlangoni palipo na mwanga lakini hapana jua, na kila mmoja anagawa: ya chini, ya kati, ya juu, yenye rangi ya limau, yenye rangi ya chungwa, yenye doa, yasiyo na doa. Jani moja, mtazamo mmoja, linakwenda kwenye fungu lake. Alipokuwa akieleza, mikono yake ilikuwa ikigawa hewani, na stoo nzima ikamsikiliza mpaka fundi simu akasahau gongo lake likaanguka.

Mimi nilikuwa nimepita chuo kikuu bila kujua kwamba jani lina unene.

Roho iliniuma, siwezi kusema vingine. Kama angenishinda kwa kitu nilichosomea, ningejilaumu, nirudi kusoma. Alinishinda kwa kitu ambacho hata hakukitafuta, kitu alichokuwa akifanya huku akipiga soga na shangazi zake. Tangu siku hiyo mwalimu alikuwa akipita nyuma ya kiti changu na kusimama kwenye kiti cha wifi.

Lakini nilimwona na kasoro yake, nikaikumbatia. Wifi alikuwa akibonyeza Sina uhakika mara nyingi mno. Picha ikiwa na kivuli, anabonyeza. Jani likiwa na vumbi, anabonyeza. Mwenyewe alisema ndivyo walivyofundishwa: ukishuku jani, usilisukumie kwenye fungu lolote, liweke pajani, umwite mwenzio alitazame. Kwa sababu mteuzi, yule mtaalamu anayepitisha mzigo siku ya soko, akikuta jani la daraja jingine ndani ya robota, lile furushi lililofungwa, analikataa robota zima, na jasho la nyumba nzima linarudi nalo kijijini. Darasani hawakujali mambo ya mteuzi. Walimpa jina, Mama Sijui, na fundi simu, ambaye ni Msukuma na hivyo alijiona ana ruhusa ya utani wote kwa Mnyamwezi, alikuwa akimsalimia asubuhi, "Mama Sijui, leo unajua hata jina lako?" Naye anamjibu kwamba ngoja kwanza akamwulize mumewe. Watu wanacheka. Nami nikicheka, kicheko changu kilikuwa na sababu yake.

Mwisho wa wiki ya tatu kulikuwa na jaribio. Nafasi zilikuwa chache kuliko sisi, kila mtu alilijua hilo. Majina yaliondolewa, kila mmoja akapewa namba, ili hata atakayesahihisha asijue ni nani. Mimi kitufe kile sikuwahi kukigusa hata mara moja. Nimekaa madarasani tangu nikiwa na miaka sita, na nilichojifunza kote ni kwamba swali usilolijibu ni sifuri. Unajibu. Hujui, unajibu hivyohivyo, na unaandika mwandiko mzuri.

Asubuhi ya jaribio tulitoka nyumbani kwa miguu, mimi na yeye. Alikuwa amejifunga kitenge kipya. Tulipokaribia reli akasema, "Wifi, naomba nikuulize. Kile kitufe."

"Kipi?"

"Cha Sina uhakika. Nimeona wenzangu wananicheka. Jana nimewaza sana, nikasema leo nikiache, nijibu tu kama mnavyojibu. Wewe umesoma, unayajua mambo ya mitihani. Nikikibonyeza sana si watanikata?"

Nakumbuka mahali penyewe. Mama muuza vitumbua alikuwa akifunga beseni lake, na baiskeli ya mkaa ilipita kati yetu, tukaachana kidogo na kukutana tena. Katika muda ule mdogo nilifikiri sawasawa, kwa utulivu, kama mtu anayechagua nyanya. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba watamkata.

"Usikiache," nikamwambia. "Bonyeza. Kila ukiwa na shaka, hata ndogo, wewe bonyeza. Hata mara mia. Usiwasikilize wale."

"Kweli wifi?"

"Kweli."

Akanishika mkono. Alinishika mkono mpaka tukavuka reli, kama tulivyokuwa tukishikana na marafiki shuleni, na mimi nikauacha mkono wangu pale, maana kuuchomoa kungeonekana vibaya.

Nilikuwa wa kwanza kumaliza. Nilijibu picha zote, nikasukuma kiti kwa kelele ya makusudi, nikatoka na kukaa kwenye baraza la duka. Mzee wa vitenge akaniletea maji. Wifi alitoka wa mwisho, macho mekundu, akasema kwamba kitufe kile amekibonyeza mpaka amepata haya. Nikamwambia asijali. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilimnunulia andazi.

Matokeo yalisomwa Jumatatu iliyofuata, kwa namba. Yangu haikutajwa. Nilisubiri mpaka mwisho, kisha nikainua mkono kama mtoto na kuuliza kama namba zote zimesomwa. Mwalimu akasema zote.

Halafu akaeleza. Alieleza kwa upole na ndiyo maana nilitaka kumrushia kitu. Kati ya zile picha, zilikuwemo ambazo waliziweka makusudi, ambazo hata bingwa wa mimea hawezi kuziamua: zilizotikisika, zilizokatwa nusu, zenye matope. Aliyezitolea jibu alikuwa amebahatisha. "Mimi sikuwa nataka kujua nani anajua kila kitu," akasema. "Hakuna. Nilitaka kujua nani akiwa hajui, anasema. Mashine ukiifundisha kwa kubahatisha, nayo itambahatishia mkulima, na mkulima atang'oa shamba zima." Kisha akasema kwamba namba iliyoongoza kwa mbali ndiyo itakayosimamia ubora wa kazi ya wengine wote. Ilikuwa namba ya wifi.

Watu wakapiga makofi. Fundi simu, aliyechaguliwa naye, akagonga sakafu kwa gongo. Wifi akasimama, akafunika mdomo kwa kitenge, kisha akakishusha na kusema:

"Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa ya kukitumia kile kitufe. Mlikuwa mnanicheka. Ni wifi yangu pale aliyeniambia njiani nisiwasikilize, nibonyeze hata mara mia. Bila yeye ningeharibu."

Wote wakanigeukia. Mwalimu akaweka mkono kifuani. Mzee wa duka, aliyekuwa mlangoni akisikiliza, akasema, "Ahsante sana mama, hii roho ni adimu sana." Nami nilijikaza kisabuni, nikatabasamu. Kama kuna adhabu iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja tu duniani, ilikuwa ile, na mtengenezaji wake alikuwa mimi.

Jumapili mama alichinja kuku. Mdogo wangu alikuwa amerudi kutoka Bukene, akawa anamtazama mkewe kama amemwoa upya. Tulikaa mkekani baada ya kanisa, na wifi alipopakua akachukua firigisi, ambayo kwetu hapewi mtu yeyote ila mwanaume wa nyumba, akaiweka kwenye sahani yangu. Mdogo wangu hakununa. Mama akasema kitu kwa Kinyamwezi, nikakielewa chote: kwamba amezaa mtoto anayewavuta wenzake juu. Firigisi niliitafuna muda mrefu, kwa sababu wote walikuwa wakinitazama nikila.

Miezi iliyofuata yeye ndiye aliyekuwa akitoka asubuhi amevaa vizuri. Majirani wakimwuliza mama, mkwe wake yuko wapi, anajibu, yuko kazini, kwa sauti ileile niliyokuwa nimeitunza kwa ajili yangu. Mimi nilirudi steshenari. Mara kadhaa nilitaka kumwambia wifi ukweli. Si kwa sababu ya usafi wa moyo. Nilitaka kumwambia ili aache kunipenda, maana upendo wake ulikuwa unanichosha. Nilikuwa nikifika mlangoni kwake na maneno mdomoni, ananiona, ananiwekea kigoda, ananipa asali ya kwao kwenye kijiko, na mimi nalamba kijiko na kurudi.

Kisha wakatangaza kundi la pili. Safari hii kila aliyekuwa kazini aliruhusiwa kumpendekeza mtu mmoja, lakini si kwa undugu wala kwa elimu. Alitakiwa aeleze jambo moja tu alilomwona mtu huyo akilifanya kwa macho yake mwenyewe. Mwalimu alikuwa na imani hiyo, kwamba mtu ni kile alichokifanya. Na anayependekezwa alitakiwa aje, alisome lililoandikwa, alithibitishe.

Nilikwenda. Stoo ilikuwa imepakwa rangi na kuwekwa feni. Wifi alinikalisha kwenye kompyuta yake, akafungua ukurasa, akasimama nyuma yangu. Alikuwa ameandika mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha uangalifu:

"Asubuhi ya jaribio nilimwomba ushauri. Tulikuwa tunagombea nafasi ileile, na yeye alikuwa anaitaka kuliko mimi, mimi nilijua. Angeweza kunipoteza. Aliniambia njia iliyo sahihi. Yeye akakosa, mimi nikapata, na hajawahi kunisema."

Chini yake paliandikwa: Je, jambo hili lilitokea kama lilivyoelezwa? Ndiyo. Hapana.

Nilisoma mpaka mwisho, nikarudia kusoma. Hakuna neno pale lililokuwa la uongo. Aliomba, nilijibu, jibu lilikuwa sahihi, mimi nikakosa. Kila kitu alikiona isipokuwa mimi, yeye mwenye macho ya kulijua jani kwa unene wake.

"Nimeandika vibaya, wifi?" akaniuliza.

"Umeandika vizuri," nikasema, na nikabonyeza Ndiyo.

Sasa tunakaa meza moja, na asubuhi mama akiulizwa anasema wote wawili wako kazini. Wifi akinigeukia na kuniuliza kitu, namjibu palepale, na namjibu kweli, hata pale ambapo kunyamaza kungenifaa zaidi. Yeye ananishukuru kila mara. Na kila mara nikishukuriwa, ule wivu unanyanyuka tena, safari hii si wa kazi wala wa macho yake: namwonea wivu yule mwanamke aliyemwandika pale, ambaye kila mtu hapa anadhani ndiye mimi.